Jina Lililo Wazi

Kocha Mwasambili alikuwa jikoni kwa mkewe akichota majivu ya kuchorea mistari ya uwanja, ndipo binti yake Tusekile alipoingia mbio, miguu imejaa matope hadi magotini.

"Baba, Gwakisa ameanguka kwenye mparachichi. Mguu umegeuka."

Ndoo ya majivu ikabaki pale pale. Uwanja haukuchorwa siku ile.

Kijana alirudi kutoka hospitali amefungwa plasta hadi pajani. Daktari alisema asiukanyage mguu ule mpaka msimu wa parachichi uishe. Bibi, mama mzazi wa kocha, alishukuru kwamba ni mguu na si shingo. Mke wa kocha, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Gwakisa kwa sababu Gwakisa ndiye kifungua mimba wake, alisema, "Nilikataza watu kupanda ule mti wakati wa mvua." Kisha akaendelea kumenya ndizi, maana ndizi hazijimenyi.

Mawazo ya kocha yalikuwa kwingine. Alikuwa anawaza Kombe la Tarafa.

Tangu aanze kufundisha vijana wa Ndobelo, hajawahi kuvuka nusu fainali. Wazee wa kijiwe cha kahawa walikuwa na utani wao: kombe pekee ambalo Mwasambili amewahi kulishika ni la uji. Mwaka huu alikuwa na mshambuliaji, tena wa damu yake mwenyewe. Gwakisa alikuwa akiupokea mpira kama mtu anayepokea salamu, bila papara. Na sasa mshambuliaji amelala kitandani akihesabu mabati.

Mashindano yale yalikuwa na desturi yake. Siku ya ufunguzi kila kocha anasimama mbele ya wazee na kutaja majina ya vijana wake. Baada ya hapo jina jipya haliingizwi. Kabla ya kila mechi mwamuzi anaita majina, na kila kijana anapiga hatua moja mbele na kujibu, "Nipo." Hakuna kitambulisho wala picha. Mchezaji akiumia, jina lake linabaki wazi hadi mashindano yaishe.

Lakini makocha wa vijana wana ujanja wao wa siku zote. Jina hubaki, miguu hubadilishwa. Kocha anatafuta kijana wa mbali, anampa jina la yule aliyeumia, na mwamuzi akiita, mgeni anajibu "Nipo." Kila mtu anajua, na kila mtu anacheka. Wanasema ni mpira tu.

Jioni iliyofuata kocha alikuwa uwanjani na vijana wake. Uwanja wa Ndobelo uko kilimani, upande mmoja umepakana na mashamba ya chai, na jioni ukungu hupanda kutoka bondeni mpaka goli la chini lisionekane. Mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha. Kocha akamwona kijana amesimama pembeni ya chai, peku, amenyoosha mikono ubavuni kama mwanafunzi aliye mstarini.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

Kijana hakujibu hilo. Aliuliza, "Kocha, kuna jina lililo wazi?"

Kocha akamtazama. Kila mtu uwanjani alikuwa amelowa chepechepe. Shati la kijana yule lilikuwa kavu. Kocha alikiona kitu hicho, akakisukuma mbali, kwa sababu wakati huo mpira ulikuwa umetoka nje na kijana alikuwa ameutuliza kwa kifua na kuurudisha uwanjani, juu ya vichwa vya watu wote, hadi miguuni mwa nahodha Ambakisye.

"Mwee!" Ambakisye akapiga kelele. "Kocha, huyu tusimwache aende!"

Kocha akasema, "Lipo jina moja. Ni la mwanangu, Gwakisa. Nakuazima tu."

"Ukinipa, uniite mbele ya watu," kijana akasema. "Tena kwa sauti."

"Gwakisa!" kocha akaita, kwa sauti, mbele ya timu nzima. "Ingia uwanjani!"

Kijana akatabasamu kwa mara ya kwanza, akaingia.

Timu ya Ndobelo ikaanza kushinda. Mgeni alifunga katika mechi ya kwanza, akafunga na ya pili. Watu walijaa pembezoni mwa uwanja wakiimba, "Gwakisa! Gwakisa!" Hata wazee wa kahawa waliacha vikombe vyao. Kila jina lile lilipoimbwa, yule kijana alisimama kidogo na kuinua uso, kama mtu anayeota jua.

Mambo mengine yalikuwa ya ajabu, lakini mtu anayeshinda hana muda wa mambo ya ajabu. Wakati wa mapumziko vijana waligawana miwa, na kipande cha mgeni kilibaki kizima. Hakuketi chini kamwe. Baada ya mechi aliondoka kupitia kwenye chai, na hakuna aliyejua anapolala. Ambakisye aliapa kwamba siku moja alimfuata mpaka kwenye tuta la mwisho, akakuta umande wote uko juu ya majani kama hakuna aliyepita.

"Labda amepita njia nyingine," kocha alisema.

"Njia ni ile moja, Kocha."

"Basi fanya mazoezi ya penati, acha upelelezi."

Nusu fainali ilipofika, kocha aliona jambo lililomkosesha raha kidogo. Kabla ya kupiga mpira wa adhabu, mgeni alivuta ncha ya sikio lake la kushoto. Gwakisa ndivyo alivyofanya tangu utotoni. Na mpira ulipoingia wavuni mgeni alicheka, kicheko cha kukatika-katika kama kwikwi. Kicheko hicho kocha alikijua. Alikuwa amekisikia nyumbani kwake miaka yote.

Akajiambia kwamba vijana huigana. Ndobelo imeingia fainali.

Nyumbani mambo yalikuwa yameanza kupungua, lakini kidogo kidogo, kama mtungi uliopata ufa.

Kwanza Bibi aligawa uji akamruka Gwakisa. Alipoambiwa, akasema macho yamezeeka. Siku nyingine jirani alikutana na kocha njiani na kusema, "Hawajambo watoto wako wawili?" Kocha akajibu, "Hawajambo," na akafika mbali kabla ya kukumbuka kwamba ana watoto watatu: Gwakisa, Tusekile, na mdogo wao Lugano. Mbwa wa nyumbani aliacha kumtikisia Gwakisa mkia. Alimpita pale mlangoni kama anavyopita kigoda.

Gwakisa mwenyewe hakulalamika. Alizidi kuwa kimya. Mguu wake haukupona wala haukuuma. Ulikaa tu ndani ya plasta.

Asubuhi ya fainali, mke wa kocha alimwita mumewe chumbani. Mkononi alikuwa na sweta la bluu lililokatwa mikono, na mkasi ulikuwa bado kitandani.

"Nimelikata nimtengenezee Lugano," alisema. "Nililikuta kwenye kamba, nikaona ni sweta zima la mtoto mkubwa, halina mwenyewe. Nikalikata. Nimeshakata mikono yote miwili ndipo nikasikia mtu anakohoa chumba cha pili, nikajiuliza, nani huyo?"

Hakulia. Alikuwa mwanamke wa kazi, aliyezaa na kulea na kulima, na machozi alikuwa anayawekea misiba.

"Ni la Gwakisa," alisema. "Nililifuma mwenyewe. Umemfanya nini mwanangu?"

Kocha akafungua kinywa kumtuliza. "Sikiliza, Mama Tusekile..."

Akasikia mwenyewe alichokitamka.

Hajawahi kumwita hivyo. Hakuna mwanamume kwao anayemwita mkewe kwa jina la mtoto wa pili kama wa kwanza yu hai. Mwanamke aliyezika kifungua mimba wake ndiye huja kuitwa hivyo, baada ya matanga, pale watu wanapoogopa kumkumbusha.

Kocha akatoka mbio hadi chumba cha pili. Kijana alikuwa ameketi kitandani, mguu wa plasta umenyooshwa, anatazama mvua dirishani.

"Gwakisa," kocha akaita.

Kijana hakugeuka.

"Gwakisa!"

Akageuka polepole, kwa adabu, kama mtoto wa watu aliyepewa hifadhi. "Gwakisa ameshatangulia uwanjani, Baba. Utachelewa."

Kocha akaketi kwenye udongo. Ndipo alipomweleza mkewe yote, kuanzia lile shati kavu.

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kalichukue hilo jina."

"Leo ni fainali, mama. Nitalichukua baada ya mechi. Tukishapokea kombe tu, nitamwita pembeni, nitamwambia..."

"Ukimwita huyo mara moja zaidi mbele ya watu," mkewe akamkatiza, "sijui leo jioni nitapika chakula cha watoto wangapi. Na kibaya zaidi, nitapika cha wawili na nitaona ni sawa. Nenda."

Kocha alifika uwanjani mapema. Ukungu ulikuwa umepanda hadi katikati ya uwanja. Yule kijana alikuwa amesimama pale pale penye chai, ameshavaa jezi. Kwa mbali kocha alidhani ni mwanawe. Hata mabega yalikuwa yale.

Kocha akamsogelea na kunong'ona, "Kijana wangu, umetusaidia sana. Sasa naomba lile jina unirudishie."

"Ulinipa kwa kunong'ona, Kocha?"

"Hapana."

"Basi halirudi kwa kunong'ona."

Akavuta ncha ya sikio la kushoto, akaenda kupanga mstari na wenzake. Mwamuzi akaita majina. "Gwakisa Mwasambili!"

"Nipo," akajibu yule kijana, na sauti ilikuwa ya Gwakisa.

Wapinzani wao walikuwa Masuluti, kijiji cha ng'ambo ya bonde, chini ya kocha aliyeitwa Mwankuga, mtu mnene mwenye filimbi shingoni na maneno mengi mdomoni. "Mwasambili!" alipaza sauti. "Leo umevaa viatu vya kupandia jukwaani au vya kurudia nyumbani?" Watu wakacheka. Kocha Mwasambili hakusikia hata neno. Alikuwa anamtazama namba tisa wake na kujiambia: baada ya mechi. Baada ya mechi tu.

Masuluti walitangulia kufunga. Ambakisye akasawazisha kwa kichwa. Dakika zikayoyoma mpaka mwamuzi akaanza kutazama saa, ndipo beki wa Masuluti alipomkwatua mgeni ndani ya boksi. Filimbi ikalia. Penati.

Uwanja mzima ukalipuka. Ilikuwa ni bao moja tu, na kombe lingepanda kilima cha Ndobelo kwa mara ya kwanza.

Sasa, katika mashindano yale penati haipigwi mpaka kocha amtaje mpigaji kwa sauti, watu wote wasikie, ili kusiwe na ugomvi baadaye. Mwamuzi akauweka mpira, akamgeukia kocha.

"Ndobelo, nani anapiga?"

Mgeni alikuwa tayari amesimama nyuma ya mpira. Alimgeukia kocha na kumtazama kwa macho ya Gwakisa, yenye ile haya kidogo, na akangoja kuitwa.

"Mtaje, Kocha!" watu wakapiga kelele. "Gwakisa! Gwakisa! Gwakisa!"

Kocha akajaribu kuuona uso wa mwanawe aliye nyumbani kitandani. Haukuja. Kila alipoutafuta alipata uso wa yule aliyesimama nyuma ya mpira. Akajaribu tena, kwa nguvu, kama mtu anayetafuta tochi gizani, na alichopata ni plasta tu. Plasta nyeupe, mguu mmoja, dirisha lenye mvua. Ikamtosha hiyo. Huyu wa hapa alikuwa na miguu miwili mizima.

Akaingia uwanjani mpaka kwenye mpira.

"Mwamuzi, huyu si Gwakisa," alisema kwa sauti kubwa kuliko zote alizowahi kuzitoa. "Gwakisa ni mwanangu, yuko nyumbani, amevunjika mguu. Huyu simjui. Nilimpa jina la mwanangu ili nishinde. Mbele yenu wote, jina la Gwakisa nalirudisha kwa mwenyewe."

Kelele zikakatika. Kwa muda kidogo yalisikika matone tu yakidondoka kutoka kwenye mwamba wa goli.

Kisha zikarudi, za aina nyingine.

"Kocha amechanganyikiwa!"

"Si ungesubiri apige kwanza?"

"Rudi kwenye kombe lako la uji, mzee!"

Ambakisye aliitupa jezi yake chini na kulia kwa hasira. Mwamuzi hakuwa na la kufanya. Timu iliyochezesha mtu kwa jina la mwingine imepoteza, ndiyo desturi, hata kama kila mtu huivunja. Akainua mkono upande wa Masuluti.

Na yule kijana? Alikuwa bado amesimama nyuma ya mpira. Hakukasirika. Ila mabega hayakuwa tena ya Gwakisa. Baadaye wengi walijaribu kueleza uso wake ulivyokuwa pale alipogeuka, na hakuna aliyeweza. Mmoja alisema ulikuwa mpana, mwingine akasema mwembamba. Ambakisye, aliyecheza naye kila mechi, alisema hakumbuki kama ulikuwepo.

Kijana akatembea taratibu kuvuka uwanja mpaka kwenye benchi la Masuluti, ambako watu walikuwa wanarukaruka. Akasimama mbele ya Kocha Mwankuga, mikono ubavuni.

"Shikamoo, Kocha. Kuna jina lililo wazi?"

Mwankuga aliacha kucheka. Alikuwa ameuona mpira wa kijana huyu. Na bingwa wa tarafa alikuwa anakwenda kucheza mkoani mwezi ule ule.

"Mwenzangu, usimpe!" Mwasambili akapaza sauti, anakuja mbio. "Nakuomba kwa jina la Mungu, usimpe hata herufi!"

"Sikia huyu!" Mwankuga akawaambia watu wake. "Amelala na lulu, leo amenyang'anywa, anataka na sisi tukose. Wivu huo, Mwasambili!" Akamtazama kijana, akashusha sauti, lakini haikushuka vya kutosha. "Winga wangu Lwitiko yuko kitandani, malaria imemlaza. Jina lake lipo."

"Uniite mbele ya watu," kijana akasema.

Mwankuga akamshika bega, akacheka, akawageukia watu wake.

"Lwitiko!" akaita. "Karibu Masuluti!"

Watu wakashangilia. Kijana akainua uso na kutabasamu.

Kocha Mwasambili alirudi nyumbani peke yake. Hakuna aliyetaka kutembea naye. Njiani watoto wadogo walimzomea, akawaacha. Alikuwa anakaza mwendo, na kila alipofikiria atakachokikuta miguu ilikuwa mizito, kwa hiyo akaacha kufikiria.

Alipokaribia mlango alisikia mtu anagomba.

"Nani amelikata sweta langu? Tusekile, ni wewe? Subiri mguu upone, utanitambua!"

"Si mimi! Muulize mama!"

"Na huu mguu unawasha! Nipeni kijiti nijikune!"

Mbwa alikuwa mlangoni, anatikisa mkia hadi kiuno kinayumba.

Mkewe alikuwa jikoni, anakoroga ndizi na maharage kwenye sufuria. Hakugeuka. "Kombe?" aliuliza.

"Wamechukua Masuluti."

"Na yule?"

"Wamemchukua pia. Wamempa jina la mtoto mgonjwa. Lwitiko. Nilimkataza yule kocha, Mama Gwakisa, hakunisikia."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Mama yake huyo mtoto ni nani?"

"Simjui."

"Kesho alfajiri utakwenda Masuluti ukamtafute. Usipoteze muda na kocha. Mtafute mama, umwambie kila kitu, kabla hajaanza kugawa vitu vya mtoto. Mimi nitakuja na wewe, maana wewe hutajua kusema."

Akaipua sufuria, akapanga sahani sakafuni, akawaita wote ndani kabla giza halijaingia. Siku ile hakupakua kwanza. Aliwaita mmoja mmoja, na kila mmoja alitakiwa kujibu.

"Bibi."

"Nipo hapa, mwanangu, naona njaa."

"Tusekile."

"Abee."

"Lugano."

"Naam."

Akavuta pumzi. "Gwakisa."

Kocha alishika ukingo wa mkeka.

"Naam, mama," akajibu kijana, anajisogeza kwa matako hadi kwenye sahani yake. "Lakini mimi maharage sitaki."

"Utakula," mama yake akasema, akampakulia hadi sahani ikafurika.

Akahesabu vichwa, akahesabu sahani, vikalingana. Ndipo akaketi, akajipakulia na yeye.

Funzo: Usiazimishe kilicho cha mwanao ili wewe upigiwe makofi, na kosa ulilolitenda mbele ya watu halirekebishwi kwa kunong'ona, hurekebishwa mbele ya watu hao hao, hata kama watakuzomea.